Jinsi ya kuchagua gia imara kwa gari lililoongezwa nguvu

Swali huja hivi karibu kila mara: "Nimefunga turbo kubwa, gia ya tatu imekwenda na maji, ninunue gia za kampuni gani?" Anayeuliza anataka jina moja tu akaagize. Lakini anayekupa jina kabla hajakuuliza gari lina uzito gani, linatumikaje na gia ilivunjikaje, anapoteza hela zako. Gia ngumu kuliko zote huvunjika mapema zikifungwa kwenye giaboksi yenye beringi zilizochoka. Na nimeona gia za kiwandani zikidumu miaka kwenye gari lenye nguvu nyingi, kwa sababu mwenye gari anajua kuachia klachi.

Mwongozo huu ni kwa anayenunua gia za giaboksi ya manyuo (ya kubadilisha gia kwa mkono) kwa mara ya kwanza. Ufuate kwa mpangilio wake. Wengi huanza hatua ya sita, wakarudi ya kwanza baada ya kuvunja seti ya pili.

Vya kuwa navyo kabla hujaagiza

- Namba ya giaboksi yenyewe, si jina la gari. Gari la jina moja linaweza kutoka kiwandani na giaboksi mbili tofauti kabisa. Toyota Supra ya JZA80 ni mfano: kwa zile za manyuo, yenye turbo ilikuja na Getrag V160 ya gia sita, na nyingi zisizo na turbo zilikuja na W58 ya gia tano. Uimara wa hizo mbili ni mbingu na ardhi.
- Karatasi ya dainamomita (mashine ya kupima nguvu za gari) yenye mstari mzima wa torki (nguvu ya kuzungusha), si namba ya kilele peke yake.
- Uzito wa gari likiwa na mafuta na dereva.
- Saizi na aina ya tairi unazotumia kweli, hasa siku ya mashindano.
- Uwiano wa mwisho, yaani wa kraunwili na pinioni, zile gia mbili za kwenye difu.
- Gia iliyovunjika, vipande vyake, na kizibo cha oili chenye sumaku kabla hakijafutwa.
- Kitabu cha ufundi cha giaboksi hiyo, vernia (ya kupimia unene) na fila geji (vibamba vya kupimia nafasi).

Hatua ya 1: Isome gia iliyovunjika

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye majibu. Usitupe chochote. Osha gia kwa mafuta ya taa, ikaushe, itoe juani na uangalie uso wa pale jino lilipokatikia.

Ukiona uso wote umekwaruzika na kumetameta kijivu, kama chumvi ya mawe iliyopasuliwa sasa hivi, jino limekatika kwa pigo moja. Klachi iliachiwa ghafla, au tairi lilirukaruka kisha likashika lami. Hapo tatizo ni kishindo.

Ukiona sehemu laini inayoanzia kwenye kona ya shina la jino, yenye mistari iliyopinda kama ile ambayo mawimbi huacha kwenye mchanga, halafu ndipo unafuata ule uso uliokwaruzika, jino limekufa kwa uchovu. Ufa ulianza zamani, ukawa unasogea kidogo kidogo kila ulipokanyaga mafuta. Niliwahi kufungua giaboksi ya gia tano ambayo mwenye gari aliapa imevunjika siku ile ile, kwa bahati mbaya tu. Gia ya tatu ilikuwa imepoteza meno matatu. Kwenye mawili, ile sehemu laini ilichukua nusu ya unene wa jino, na ilikuwa nyeusi: oili ilishapenya ndani ya ufa na kukaa humo. Gia ile ilikuwa inakufa muda mrefu bila yeye kujua. Huyu ndiye mtu ambaye gia imara zaidi zitamsaidia kweli.

Jino likikatika upande mmoja tu, au meno yote yaking'aa upande mmoja na upande wa pili yakibaki na rangi yake, gia hazikuwa zimekaa sambamba. Shafti inapinda, beringi imelegea au hausingi (ganda la giaboksi) inatanuka. Ukifunga gia mpya bila kushughulikia hilo, nazo zitakatika upande ule ule.

Vishimo vidogo katikati ya uso wa jino ni uchovu wa uso: mzigo umezidi au oili ni chafu. Mikwaruzo inayotoka shina kwenda ncha, pamoja na rangi ya bluu au kahawia, inasema oili ilishindwa kazi au haikuwepo. Na ikiwa meno makubwa ni mazima ila yale madogo ya pembeni, yanayoshika habu (kitovu kinachofunga gia kwenye shafti), yamekuwa butu kama penseli iliyotumika, wewe huhitaji gia imara. Unahitaji sinkro mpya (pete zinazolinganisha kasi kabla gia haijaingia), habu mpya, na kukagua kama klachi inaachia kikamilifu.

Kuhusu gia ya tatu kuvunjika kuliko nyingine, hakuna miujiza. Kwenye gia ya kwanza na ya pili tairi huteleza na kuachia mzigo. Kwenye ya tatu tairi zinashika, turbo imeshajaa, na katika giaboksi nyingi gia hiyo imekaa katikati ya shafti, mbali na beringi, pale shafti inapopinda zaidi.

Hatua ya 2: Jua torki, achana na farasi

Jino la gia halijui nguvu za farasi. Linahisi msukumo tu. Chukua injini mbili zenye nguvu za farasi 400 kila moja. Ya kwanza inazipata kwenye mizunguko 8500 kwa dakika: hapo torki yake ni kama Nm (newton mita) 335. Ya pili, yenye turbo, inazipata kwenye mizunguko 5000: torki ni kama Nm 570. Farasi ni wale wale, lakini ya pili inavunja giaboksi ambayo ya kwanza ingeishi nayo.

Soma mstari wa torki, tafuta kilele chake na kiko wapi. Kilele kinachopanda ghafla kwenye mizunguko ya chini ni kibaya kuliko kinachopanda taratibu. Kumbuka pia kwamba dainamomita ya magurudumu inasoma kilichobaki baada ya msuguano, wakati gia zinapokea kile kinachotoka injini. Namba ya karatasi yako iko chini ya ukweli.

Dainamomita haipimi kishindo cha kuondoka, pale flaiwili inayozunguka kwa kasi inapoamriwa kusimama kwa sekunde moja. Kwa hiyo mimi huchagua gia zilizokadiriwa angalau theluthi moja juu ya torki iliyopimwa. Kwa gari linaloendeshwa magurudumu yote manne na tairi laini za mashindano, naenda nusu juu na zaidi, kwa sababu hakuna tairi linaloteleza kuokoa jino.

Tahadhari: muuzaji akikwambia "hizi zinabeba farasi 600", muulize ni Nm ngapi, kwenye gari la uzito gani na tairi gani. Asiyeweza kujibu hajapima.

Hatua ya 3: Sema ukweli kuhusu matumizi

Andika kwenye karatasi siku 30 zilizopita gari lilifanya nini. Siyo unachotarajia lifanye, lilichofanya. Kama siku 27 lilikwenda kazini kwenye foleni, wewe ni mtu wa barabarani, na gia zako zichaguliwe hivyo. Wa mbio za mita 400 anahitaji gia ya kwanza na ya pili zenye kuvumilia kishindo. Wa mbio za uwanja wa kuzunguka anahitaji gia ya tatu na ya nne zilizokaribiana na oili inayobaki baridi. Mtu wa drift (kutelezesha gari kwa makusudi) anatumia gia moja au mbili karibu muda wote, na hizo ndizo za kutilia mkazo.

Hatua ya 4: Chagua aina ya meno na namna ya kuingia

Haya ni mambo mawili tofauti, na wanaoanza huyachanganya kila siku. Kuna umbo la meno makubwa yanayobeba mzigo, na kuna njia ambayo gia inashikwa unapoichagua kwa mkono.

Umbo kwanza. Gia za kiwandani za kwenda mbele karibu zote zina meno ya mshazari. Jino moja linakabidhi mzigo kwa jingine taratibu, ndiyo maana ziko kimya. Gharama yake ni kwamba mshazari unasukuma shafti kuelekea pembeni, na msukumo huo unabebwa na beringi na hausingi. Meno yaliyonyooka hayasukumi pembeni. Ila hupiga kelele. Ukitaka kuijua kelele hiyo bure, rudisha gari nyuma kwa kasi kidogo: kwenye magari mengi rivasi ina meno yaliyonyooka, na ule mlio wa kulia ndio utakaokuwa nao kwenye kila gia, saa nzima ya safari.

Usidanganywe kwamba gia ni imara kwa sababu imenyooka. Kwa upana ule ule na chuma kile kile, jino la mshazari hubeba mzigo vizuri zaidi. Seti zilizonyooka huwa imara kwa sababu watengenezaji huzipa meno makubwa na mapana, na kwa sababu hausingi inapumzika ule msukumo wa pembeni. Kama hausingi yako ni ya aluminiamu nyembamba na gia yako imeonyesha dalili za kukatika upande mmoja, hapo meno yaliyonyooka yana hoja.

Sasa namna ya kuingia. Sinkro hulinganisha kasi ya gia na shafti kabla hazijashikana, kwa hiyo unabadilisha kwa utulivu. Dogi hazina hilo. Ni vishikio vinene vichache vinavyoingia kwenye nafasi kubwa, kwa ghafla. Zinaingia haraka hata injini ikiwa juu kabisa, na hazina pete za sinkro za kuungua. Lakini zinataka mkono wa uamuzi: ukiisukuma gia polepole, kwa huruma, vishikio vinagongana ncha kwa ncha na kuanza kumeguka. Kwenye foleni gari hugonga kila unapoachia na kukanyaga mafuta, kwa sababu ya ile nafasi kati ya vishikio. Na zinahitaji kufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara.

Mchanganyiko wowote unawezekana: mshazari na sinkro, nyoofu na sinkro, mshazari na dogi, nyoofu na dogi. Kwa gari la barabarani linalokwenda kwenye mashindano mara moja moja, ushauri wangu hauyumbi: mshazari na sinkro, chuma bora, meno mapana. Dogi ni za gari lenye fundi wake na ratiba ya kufunguliwa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya uwiano

Uwiano wa gia ni meno ya gia inayosukumwa kugawanya kwa meno ya inayosukuma. Meno 35 kwa 14 ni 2.50. Kujua kasi:

kasi (km/h) = mizunguko kwa dakika × mzingo wa tairi (mita) × 60 ÷ 1000 ÷ uwiano wa gia ÷ uwiano wa mwisho

Tairi la 225/45R17 lina mzingo wa karibu mita 1.99. Tuseme injini inafika 7000, uwiano wa mwisho ni 4.1, na gia ni 3.30, 1.95, 1.35 na 1.00. Utapata takriban kilomita 62, 105, 151 na 204 kwa saa.

Kisha angalia injini inaangukia wapi unapobadilisha: mizunguko × uwiano mpya ÷ uwiano wa zamani. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, 7000 inaanguka hadi kama 4140. Ya pili kwenda ya tatu, 4850 hivi. Ya tatu kwenda ya nne, 5190 hivi. Linganisha na karatasi ya torki. Kama turbo yako haiamki kabla ya 4500, ile 4140 inakuua kila unapoondoka.

Badilisha gia ya kwanza iwe 2.80. Sasa inafika kilomita 73 kwa saa na injini inaangukia 4875, turbo ikiwa macho. Kuna faida ya pili ambayo watu hawaioni. Umbali kati ya shafti mbili umewekwa na hausingi, hauongezeki. Kwa hiyo uwiano ukiwa mkubwa, gia inayosukuma lazima iwe ndogo. Tukichukua umbali wa milimita 80, kwa uwiano wa 3.30 nusu kipenyo cha gia ndogo ni kama milimita 18.6, kwa 2.80 ni kama 21. Kwa torki ya Nm 400, msukumo kwenye jino unashuka kutoka newton 21,500 hadi 19,000. Umepata uimara bila kubadilisha chuma, na shina la jino linaweza kuwa nene zaidi. Unacholipa ni kuondoka kuzito kidogo mlimani na klachi kufanya kazi zaidi. Kwa gari lenye torki nyingi, mimi nalipa bila kusita.

Kosa la kawaida: kununua seti ya uwiano uliobanana kwa sababu inasikika ya mashindano, halafu kugundua gia ya mwisho inakufikisha barabara kuu injini ikilia muda wote. Piga hesabu ya kasi ya safari pia, si ya kilele tu.

Hatua ya 6: Uliza kuhusu chuma na kazi yake

Gia nzuri ina uso mgumu na moyo usio mgumu sana. Uso unazuia vishimo na kulika. Moyo unapinda kidogo kabla ya kukatika. Hilo hupatikana kwa kupenyeza kaboni kwenye uso wa chuma chenye kaboni kidogo, kisha kukizamisha ghafla kwenye oili. Uso hufika HRC (kipimo cha ugumu wa chuma) 58 hadi 62, na tabaka hilo gumu ni jembamba, karibu milimita 1 au chini yake.

Namba utakazokutana nazo ni 8620, chuma cha kawaida na cha kuaminika, na 9310, chenye nikeli kama asilimia 3 na moyo unaovumilia kishindo vizuri zaidi. EN36 iko familia moja na hiyo ya pili. Lakini namba ya chuma bila matibabu sahihi ya joto haina maana. Ningechukua 8620 iliyopikwa vizuri kuliko 9310 iliyopikwa ovyo.

Muulize muuzaji:

- Chuma gani, na uso una HRC ngapi?
- Meno yalisagwa baada ya kugumishwa au kabla? Joto hupindisha gia, kwa hiyo kusaga baadaye ndiko kunakorudisha umbo.
- Yalipigwa risasi ndogo za chuma? Kazi hiyo huminya uso wa shina la jino na kuchelewesha ufa kuanza.
- Jino lina upana wa milimita ngapi ukilinganisha na la kiwandani?
- Gia moja ikivunjika naweza kuinunua jozi yake peke yake, au lazima seti nzima?

Swali la mwisho ni la muhimu kuliko watu wanavyodhani. Gari linaweza kulala miezi likisubiri jozi moja.

Hatua ya 7: Kagua vinavyoizunguka gia

Gia mpya haibebi mzigo peke yake. Inaukabidhi kwa shafti, beringi, hausingi, difu na ekseli. Ukiimarisha kiungo kimoja, kinachofuata kwa udhaifu ndicho kitakachokatika. Hesabu kubadilisha beringi zote na sili zote giaboksi ikiwa chini. Kagua uma za kusukumia gia kama ncha zimelika. Ulizia kama kuna bamba la kushikilia katikati ya shafti kwa giaboksi yako; kwa aliyeona jino lililokatika upande mmoja, bamba hilo lina faida kuliko gia zenyewe.

Angalia na klachi. Klachi ngumu isiyo na springi katikati hupeleka kila kishindo moja kwa moja kwenye jino. Yenye springi hukimeza kidogo. Mikono ya injini (maunti zinazoishikilia) iliyochoka huacha injini iruke, na kuruka huko huishia kwenye gia.

Na kabla hujatuma hela, mwombe anayepanga kompyuta ya injini apunguze busti (shinikizo la turbo) kwenye gia ya kwanza hadi ya tatu. Magari mengi ninayoletewa yangepona kwa hilo tu.

Ikiwa jumla ya gharama inakaribia ile ya giaboksi nzima imara kutoka modeli nyingine, pima njia hiyo pia. Wenye Subaru wengi huacha gia tano na kufunga ya gia sita ya modeli ya STI badala ya kuimarisha ile ya zamani. Kwa magari yanayoendeshwa magurudumu yote manne, hakikisha uwiano wa mwisho wa mbele na wa nyuma unalingana. Usipolingana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana hadi kitu kimoja kikatike.

Hatua ya 8: Hakiki kwamba zitaingia

1. Hesabu splaini (mifereji ya kushikia) za shafti ya kuingilia na ulinganishe na sahani ya klachi.
2. Uliza kama gia ya kwanza imechongwa pamoja na shafti. Kwenye giaboksi nyingi iko hivyo, na hapo unanunua shafti, si gia tu.
3. Thibitisha toleo. Giaboksi moja hubadilishwa sinkro au beringi katikati ya uzalishaji bila jina kubadilika.
4. Nunua kwa jozi. Usifunge gia mpya na mwenzake wa zamani. Meno yaliyozoea kulika na mengine hayawezi kukaa sawa na mapya.
5. Uliza kama sensa ya kasi na gia ya rivasi vinabaki vile vile.

Hatua ya 9: Kufunga

Hapa kitabu cha giaboksi yako ndicho kinachoongoza, nami sitakirudia. Nasisitiza mambo manne. Piga picha na upange vipande kwa mpangilio vinavyotoka. Tumia presi kwa beringi na gia, usitumie nyundo: uso mgumu wa gia humeguka kwa pigo. Pima kwa fila geji nafasi ya pembeni ya kila gia, na urekebishe mkazo wa beringi kwa shimu (vibamba vyembamba vya kujazia) upya, kwa sababu vipimo vya zamani vilikuwa vya vipande vya zamani. Na kabla ya kufunga hausingi, zungusha shafti kwa mkono kwenye kila gia. Pakigoma mahali, simama hapo hapo.

Oili ifuate maelezo ya mtengenezaji wa gia. Giaboksi nyingi zenye sinkro za shaba nyekundu au njano hutaka oili ya daraja la GL-4. GL-5 ina viambato vikali vya kuhimili shinikizo ambavyo vinaweza kuila shaba hiyo na kuifanya sinkro iteleze. Namba "5" haimaanishi bora kuliko "4".

Hatua ya 10: Zizoeshe

Kama mtengenezaji hakutoa maelekezo, endesha kilomita 500 za mwanzo bila kukanyaga mafuta hadi mwisho na bila kuondoka kwa kishindo, ukitumia gia zote. Kisha mwaga oili ikiwa ya moto, angalia sumaku, weka mpya. Meno mapya yana vinundu vidogo visivyoonekana ambavyo vinahitaji kusuguana taratibu. Ukivipa mzigo wote siku ya kwanza, vinachanika.

Matatizo na pa kuangalia

*Mlio wa kuvuma uliokuja na gia mpya.* Kama ni nyoofu, ni wa kawaida. Kama ni mshazari, angalia unatokea gia zipi. Gia moja tu: jozi hiyo haikukaa sawa. Gia zote: mkazo wa beringi au difu.

*Gia inaruka yenyewe ukiachia mafuta.* Kagua uma, nafasi ya pembeni ya gia, na mikono ya injini. Kwa dogi, kagua kama pembe za vishikio zimekuwa butu.

*Gia inakwaruza kuingia.* Kanyaga klachi, subiri sekunde kadhaa, kisha ingiza rivasi gari likiwa limesimama. Ikikwaruza hata hapo, klachi haiachii. Giaboksi haina kosa. Ikiingia kimya, tazama sinkro ya gia inayolalamika.

*Ngumu asubuhi, laini ikipata joto.* Mara nyingi ni oili nzito mno.

*Giaboksi inachemka baada ya kuzunguka uwanja mara chache.* Kiwango cha oili kwanza, kisha mkazo wa beringi uliozidi. Vikiwa sawa, weka pampu na kipozeo cha oili.

*Unga kwenye sumaku.* Uji laini wa kijivu, kama majivu yaliyochanganywa na mafuta, hauna shida, hasa oili ya kwanza. Vipande vyembamba vinavyong'aa, au chembe yenye kona unayoihisi ukiisugua kati ya vidole, ni jino. Usiwashe gari kwenda nalo nyumbani. Kipande hicho kikipita kati ya gia mbili mara moja, kitavunja na zile ambazo zilikuwa nzima. Shusha giaboksi, tafuta kipande kilipotoka, na urudi hatua ya 1.